Blanketi la Usubi: Miezi Tisa Mgongoni mwa Kahawa

Nianze na bei ya blanketi hili la farasi, la kumkinga na usubi, wale wadudu wadogo wanaomuuma na kumletea mwasho, maana ndiyo swali la kwanza la kila saisi, yaani mtunza farasi, anayepita hapa. Shilingi 14,300 huko Uingereza lilikonunuliwa. Ongeza usafiri, ongeza ushuru, likatufikia hapa Karen likiwa limefika 23,800. Nilipomwambia mke wangu alinyamaza, akageuza chapati, kisha akauliza kama lina redio ndani.

Jina la kampuni siwezi kuwapa. Lebo ilikuwa ubavuni upande wa kushoto na Kahawa, farasi wetu, aliitafuna wiki ya kwanza, na aliyeagiza ni mwenye farasi, ambaye sisi masaisi tunamwita Mama Kahawa. Si kitu. Mablanketi haya ya wavu mwembamba yanatengenezwa na kampuni nyingi, yote yana shingo, yana ukanda wa kufunika tumbo na kipande cha kufunika shina la mkia. Nitakayosema yatakufaa hata ukinunua la kampuni nyingine.

Kahawa ni farasi jike wa miaka 11. Alizaliwa upande wa Molo kwenye baridi na upepo, akakimbia mbio za Ngong misimu miwili, akashinda mara moja tu, siku ya matope. Alipoletwa kwetu alikuwa na ngozi ya kujionea fahari. Sisi tuko bondeni karibu na bwawa, mahali pazuri pa kunywea chai jioni. Mwaka wa kwanza hakuwa na neno. Wa pili, mvua za masika zilipoanza, akaanza kujikuna.

Nimetunza farasi miaka 22 na kujikuna nakujua. Huku kulikuwa kwingine. Nguzo ya mkaratusi iliyo pembeni mwa pedoki iling'aa kwa kusuguliwa mpaka ukiitazama jua likiwa upande wa pili inakuchoma macho. Singa za shingoni zikabaki vijiti vijiti. Shina la mkia lilivimba, likatoa maji, halafu ngozi ikawa nene yenye mikunjo kama goti la ndovu. Chini ya tumbo, kwenye ule mstari wa katikati, vikaota vidonda ambavyo nzi waliviona karamu. Ukimpitishia brashi shingoni alikuwa anakusukuma kwa nguvu zote, mdomo umepinda, akitaka uendelee. Mgeni akiona anacheka. Mimi nilikuwa nafunga mlango wa banda nikiwa na uchungu.

Tulijaribu mengi kabla ya kufika kwenye blanketi. Mafuta ya mwarobaini: yananuka, yanasaidia kama saa mbili hivi, na vumbi lote la pedoki linakuja kukaa juu yake. Ile dawa nyeupe ya upele inayouzwa kwa wakemia, benzili benzoeti, masaisi wa zamani wanaiapia. Usubi wanaikimbia kweli, lakini ukiipaka kwenye kidonda farasi anakupiga teke, na haki anayo. Dawa ya kupulizia yenye pamethrini ilikuwa afadhali, ila mvua moja tu na pesa yako imeingia mtaroni. Vidonge vya kuzuia histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta mwasho, alikula kiganja kizima kutwa mara mbili, ndani ya pumba na molasi, na kilichobadilika ni kwamba alianza kuikagua pumba kabla ya kuila. Sindano ya deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, ilimtuliza siku mbili tatu, tena vizuri sana, lakini daktari alikataa kuirudia kila wiki. Steroidi zikizidi, farasi anaweza kupata ule ugonjwa wa kwato unaomfanya asimame kama anayekanyaga makaa, na hapo utatamani mwasho urudi.

Halafu kuna kipimo cha damu cha kutafuta mzio. Hiki nacho nakipa daraja hapa hapa ingawa sikukusudia kukizungumzia: sifuri. Maabara siitaji, haiko hata nchini. Damu ilikwenda, zikarudi karatasi tatu zenye rangi kama kalenda ya benki. Kahawa ana mzio wa kuvu, wa vumbi, wa nyasi aina nne, wa mbu, wa nzi, wa usubi. Nikamwambia Mama Kahawa, kwa heshima, kwamba kwa orodha hii afadhali wangetuandikia kile ambacho hana mzio nacho. Alicheka, lakini akafanya jambo la akili: akatuma na damu ya Bahati, farasi wa banda la jirani, ambaye hajawahi kujikuna hata kwa bahati mbaya. Orodha ya Bahati ilirudi pungufu kwa mistari miwili tu. Shilingi 31,000 kwa farasi wawili, na tulichojifunza ni kwamba wote wawili wanaishi Kenya.

Daktari wetu hakushangaa. Ni msichana aliyesomea Kabete, ananiita mzee ingawa ndevu zangu zina upande mmoja bado mweusi. Alisema kingamwili za aina ya IgE zikionekana kwenye damu zinaonyesha kwamba mwili umekutana na kitu hicho na kukiweka kwenye daftari. Kama ngozi italipuka au haitalipuka ni habari nyingine, na hiyo haiko kwenye damu, iko ngozini. Basi akasema tuangalie ngozini.

Alimchoma Kahawa ganzi shingoni, akakata kipande cha duara cha milimita 6, akashona uzi mmoja. Wiki iliyofuata akaniita kliniki, kipande kile kiko chini ya hadubini.

"Mzee, hebu weka jicho hapa."

Mara ya kwanza niliona kope zangu tu. Nikatulia. Ukatokea uwanja wa rangi ya waridi iliyopauka, na katikati mshipa mdogo wa damu umekatwa kama unavyokata bomba. Kandokando ya mshipa ule zilijazana seli zenye punje nyekundu, kubwa kubwa, zimebanana kama komamanga lililopasuliwa. Hizo zinaitwa eosinofili. Anasema za farasi zina punje kubwa kuliko za wanyama wengi, mwanafunzi akiziona mara moja hazisahau. Nami, ambaye si mwanafunzi, bado naziona nikifumba macho.

Kazi yao ya asili ni kupigana na minyoo. Zile punje nyekundu ni sumu ya kumtoboa mnyoo. Sasa kwenye shingo ya Kahawa hakuna mnyoo, kwa hiyo sumu inamwagwa kwenye nyama yake mwenyewe.

Nikauliza nani kaziita. Hapo daktari akavuta kiti, akachukua bahasha ya nyuzi na kalamu. Nitaeleza nilivyoelewa, maana bila hili huwezi kulihukumu blanketi kwa haki.

Anayeuma ni usubi jike. Anakata ngozi, damu inajikusanya, anainywa, na ili damu isigande anatema mate. Ndani ya mate kuna protini. Seli za doria za ngozi zinaziokota protini zile na kuzipeleka kwenye tezi, na huko zinakutana na seli T, ambazo ni seli za kinga ya mwili. Kwa farasi kama Bahati mashauri yanaishia kwa kusema huyu ni mdudu tu. Kwa Kahawa, seli T za msaada za aina ya pili zinashika usukani na kupiga mbiu kana kwamba limeingia jeshi. Zinaziamuru seli B zitengeneze IgE dhidi ya mate ya usubi. IgE hizo zinasafiri hadi ngozini na kukaa juu ya seli za masti, ambazo zimetawanyika kando ya mishipa ya damu, kila moja imebeba mifuko ya histamini na kemikali nyingine. Zinakaa hapo zikingoja. Farasi kwa nje haonyeshi kitu, na ndiyo maana mwaka ule wa kwanza tulidanganyika.

Msimu unaofuata usubi anauma, mate yanazigusa IgE zilizokaa jirani, seli ya masti inamwaga mifuko yake yote. Hiyo ni kazi ya dakika. Panavimba, panawasha. Kisha wanaingia wengine wa zamu ya pili: seli T zinatoa ujumbe uitwao interlukini-5, ambao ndio unaozitoa eosinofili kwenye uboho wa mifupa na kuzileta, na mwingine, interlukini-31, unaokwenda moja kwa moja kwenye mishipa ya fahamu na kuleta hamu ya kujikuna. Zamu hii huchukua masaa kufika. Ikifika inapiga kambi siku kadhaa.

"Kwa hiyo akiumwa leo jioni," nikauliza, "kesho kutwa bado anajikuna?"

"Hata kama usubi mwenyewe ameshakufa."

Akaongeza kwamba vidonge vyetu vya pumba na molasi vilikuwa vinazuia histamini peke yake, tone moja katika ndoo. Nikaelewa kwa nini vilishindwa. Nikamuuliza na kuhusu Bahati, maana wanalala banda kwa banda, maji ya birika moja. Bahati naye anaumwa, nimemchunguza kwa tochi, nimehesabu wadudu 14 tumboni mwake jioni moja. Daktari akasema kuna seli T nyingine ambazo kazi yao ni kutuliza wenzao, na pengine Bahati anazo za kutosha. Damu ya ukoo inachangia, na mazingira ya utotoni pia yanachangia.

Hapo ndipo aliponisimulia habari ya farasi wa Iceland, na hii nimeisimulia kwenye kila meza niliyokaa tangu siku hiyo. Kisiwa kile kwa miaka mingi hakikuwa na usubi wa aina hii, kwa hiyo farasi wa kule walikuwa hawaujui kabisa ugonjwa huu. Farasi akitoka kisiwani sheria haimruhusu kurudi tena. Basi mtu anamnunua mkubwa, mzima wa afya, anampeleka Ujerumani au Uswisi, na baada ya misimu miwili au zaidi anaanza kujikuna kama Kahawa. Kuna sehemu zenye usubi wengi ambako zaidi ya nusu ya waliohamishwa hupatwa. Lakini watoto wa farasi hao hao, wakizaliwa huko Ulaya na kuumwa na usubi tangu wakiwa wananyonya, wengi wao hawana shida. Ukoo ni ule ule. Walichotofautiana ni umri ambao kinga ya mwili ilikutana na mate yale mara ya kwanza. Uswisi wamejaribu mpaka chanjo ya kuufundisha mwili kuizuia ile interlukini-5 ili eosinofili zisiitwe. Mwaka 2018 walichapisha majaribio ya farasi 34 wa Iceland, na waliochanjwa walipata nafuu kuliko waliochomwa maji matupu. Hapa kwetu haipo dukani. Kilichopo dukani ni blanketi.

Sasa blanketi lenyewe.

Lilikuja Septemba mwishoni, rangi nyeupe, limekunjwa ndani ya mfuko wake wenye zipu. Uzito ni wa shuka mbili. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulinyoosha kwenye mwanga nitazame tundu. Nilifanya hivyo kwa sababu mwaka uliotangulia fundi mmoja wa Kawangware alinishonea la kwake kwa chandarua cha mbu, shilingi 2,800, kazi nzuri ya sindano, nikajiona mjanja. Usubi ana urefu wa milimita moja hadi tatu na mwili mwembamba kama uzi. Tundu la chandarua cha kawaida kwake ni mlango. Walikuwa wanaingia, wanakunywa, halafu wananenepa wanashindwa kutoka. Asubuhi nilikuwa nawakuta ndani, wamelewa damu. Tulikuwa tumemjengea Kahawa hoteli ya wadudu. La Uingereza, ukilitazama kwenye mwanga, tundu huzioni kama tundu, unaona ukungu. Hewa inapita ukipuliza, lakini ncha ya sindano ya kushonea inasita kabla ya kupenya. Kwa hilo peke yake nusu ya bei nimeisamehe.

Kulivisha kunahitaji watu wawili siku mbili za kwanza, baadaye mmoja. Shingo imeshonewa pamoja na mwili, jambo ambalo naliona ni la lazima, maana pale shingo inapokutana na mabega ndipo usubi wanapopapenda. Tumboni ukanda ni mpana kweli, unafika karibu na kiwele, si yale mablanketi ya nzi ambayo yanafunika mgongo na kuacha tumbo kama jukwaa.

Wiki mbili za kwanza nilitaka lirudishwe. Kahawa alijikuna vile vile. Alijikuna ndani ya blanketi, akalisukuma kwenye nguzo, na Mama Kahawa alikuja akasimama ameshika kiuno, bila kusema kitu, na mimi nikajua anahesabu 23,800. Ni daktari aliyetuzuia. Alisema eosinofili zilizokwishaingia ngozini hazijui kwamba umenunua blanketi. Lazima zile zilizopo ziishe nguvu na mpya zisiitwe, na ngozi iliyokuwa nene ianze kulainika, na hiyo ni wiki, si siku. Kwa hiyo ukinunua, usitoe hukumu kabla ya wiki tatu nne. Naamini mablanketi mengi yanayouzwa mitumba "yalivaliwa mara chache tu" yaliuzwa wiki ya pili.

Wiki ya tano nilipitisha kidole kwenye shina la mkia nikahisi kitu kama sandpepa laini. Nywele. Nilimwita kijana anayenisaidia aje aguse ili asije akasema naota.

Na kuna jioni moja ya Novemba, mvua imekatika, hakuna upepo, saa kumi na mbili kasoro. Hiyo ndiyo saa yao. Nilisimama kando ya Kahawa nikiwa nimekunja mikono ya shati. Kwanza huwaoni, unahisi cheche kwenye mkono, kama mtu kakudondoshea jivu la moto. Nikainamisha macho kwenye kitambaa cheupe nikawaona, vumbi jeusi linalotembea. Mmoja alikuwa anapita juu ya bega, anasimama, anainama, anashindwa, anasogea hatua mbili, anainama tena. Nilimtazama pengine dakika nzima. Kahawa alikuwa anatafuna nyasi, sikio moja limelala. Chini ya kitambaa kile, nusu kidole kutoka kwa yule mdudu, kuna seli za masti zimebeba mifuko yao, na jioni ile hakuna aliyezigusa. Nilikaa pale mpaka mkono wangu mwenyewe ukaota vipele saba.

Lakini ukikosea mara moja unalipa. Desemba kulikuwa na harusi nyumbani Bungoma, nikaacha maagizo, na jioni ya Jumamosi blanketi halikuvishwa. Jioni moja tu. Niliporudi Jumatatu mkia ulikuwa umesuguliwa mpaka damu. Kijana akaapa kwamba Jumapili asubuhi farasi alikuwa mzima kabisa, na mimi nilimwamini, maana zile za zamu ya pili zinafika kwa wakati wao. Ilichukua siku tisa kutulia. Tangu hapo blanketi huvaliwa saa tisa na nusu alasiri, likavuliwa saa tatu asubuhi umande ukiisha. Mchana wa jua kali na upepo anakaa bila kitu na anafurahia kujigaragaza.

Kasoro ziko, tena za kukasirisha. Vifungo vya kifuani vilianza kutu mwezi wa nne; kwa bei hii ningetarajia chuma kisichoshika kutu. Kipande cha mkia ni kifupi, kana kwamba waliokipima walipima punda. Ile nata ya ukanda wa tumbo inashika mbegu za nyasi zote za wilaya, na usipoichambua kwa kitana cha zamani kila wiki inaacha kushika. Mabegani linasugua: Kahawa alipoteza nywele sehemu mbili zenye ukubwa wa kiganja. Nikashonea kitambaa cha satini kwa ndani, kilichotoka kwenye gauni la mitumba, na tatizo likaisha, lakini kazi hiyo ilikuwa ya kiwandani.

Na kayaba. Uzio wetu upande wa barabara ni kayaba, na wenye nyumba Karen wote mnajua miiba yake. Februari Kahawa akalipasua blanketi ubavuni urefu wa kalamu. Usishone kwa kufumbata tu ukadhani umemaliza. Mshono ukivuta, tundu za pembeni zinapanuka na usubi wanaliona lango. Nilimpelekea fundi viatu wa kituoni, akaweka kiraka kutoka kwenye kipande cha ziada kilichokuja na blanketi, akatumia uzi wake wa nta. Shilingi 200. Kiraka kile kimekuwa imara kuliko blanketi.

Masika ndiyo yalikuwa mtihani. Kuanzia Machi mpaka Mei bwawa lilijaa, pembezoni pakawa matope yaliyochanganyika na samadi, na huko ndiko usubi hawa wanakotagia. Kahawa alipata vipele usoni, maana sisi hatukununua kofia ya uso, na masikioni. Mkia na tumbo vilibaki vizima. Daktari alipokuja Mei alipima kwa macho, akanyoosha ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akasema mikunjo imekwisha, na sindano hatujachoma tangu Oktoba.

Sitadanganya kwamba ni blanketi peke yake. Tulirekebisha koki ya birika iliyokuwa inavuja, tukahamisha lundo la samadi, na Mama Kahawa alileta feni mbili za ukutani za shilingi 3,500 kila moja. Usubi ni mrukaji dhaifu, upepo mdogo tu unamshinda, kwa hiyo ndani ya banda feni inafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote niliyowahi kupulizia. Kama huna pesa ya blanketi, anza na feni na koki.

Jambo jingine, kwa sababu nimeulizwa zaidi ya mara moja: blanketi si chanjo. Usubi ndio wanaobeba virusi vya homa ya farasi, ile inayoua kwa mapafu, na farasi anayevaa blanketi bado uso wake na miguu yake viko wazi. Kuna mwenye farasi alitaka kuruka chanjo ya mwaka kwa sababu "sasa tumefunika". Msiruke. Mwasho unamtesa farasi, ile nyingine inamzika.

Rafiki yangu anayetunza farasi Diani aliazima kwa wiki moja akalirudisha. Joto la pwani na blanketi, hata la wavu, farasi alikuwa analoa jasho kabla ya magharibi. Kule wana upepo wa bahari, wautumie.

Daraja langu ni nne kwa tano. Moja nimeikata kwa vifungo na mkia. Ukiagiza, pima kuanzia katikati ya kifua mpaka mwisho wa tako; Kahawa ana futi 6 na inchi 3, na tungechukua 6 na 6 mabega yasingesuguliwa. Chukua jeupe, wadudu unawaona. Chukua na kofia ya uso, ambayo sisi tulibania. Omba kipande cha ziada cha wavu hata kama wanakitoza. Na lebo ikate wewe mwenyewe siku ya kwanza, uiweke mfukoni.